Kutuza si kuhonga: neno moja tunalolikosea kwa punda

Wiki hii nimelisikia mara tatu, na mara ya tatu nikashindwa kulala nalo. Tulikuwa ufuoni hapa Lamu, mimi na mpwa wangu, tunamzoeza kihongwe wake, punda mchanga, kusimama tuli bila kufungwa, na kila akisimama vizuri anapata kipande cha tende. Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa heshima zake na amefuga punda tangu mimi sijazaliwa, akapita, akatutazama, akasema, "Ala! Siku hizi hata punda wahongwa?" Waliokuwa barazani wakadakia hapohapo, ndio mzee, siku hizi hakuna kufunza, ni kuhonga tu. Kabla yake alishalisema kijana mmoja wa boti, na kabla ya huyo mtu aliyesomea ualimu kabisa. Mzee sikuweza kumjibu pale mbele za watu, si adabu, lakini neno limenikaa rohoni ndio maana naandika.

Dhana yenyewe ya mafunzo haya ni fupi. Mnyama akifanya kitu, na papo hapo baada ya kukifanya akapata jambo analolipenda, kile kitu atakirudia. Ni hivyo tu. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike aliliona kwa paka aliowafungia kwenye masanduku yenye komeo, akaliandika mwaka 1898: paka akigusa komeo mlango ukafunguka akapata samaki, basi siku zikienda anatoka haraka zaidi. Mmarekani mwenzake, B. F. Skinner, akaliendeleza miaka ya 1930 kwa panya, baadaye njiwa, na jina alilolieneza yeye ndilo wataalamu wetu wamelitia Kiswahili wakaliita uimarishaji chanya.

Hilo chanya nalo lina matatizo yake manake watu wakisikia chanya wanadhani ni upole, na hasi ni fimbo. Siyo. Ni chanya na hasi za hesabu, chanya umeongeza kitu, hasi umeondoa kitu. Ukivuta kamba, kihongwe akapiga hatua moja nawe ukailegeza kamba, hio ni hasi, umeondoa uzito shingoni mwake na hukumpiga wala hukumkemea. Fimbo ni adhabu, ni mlango mwengine kabisa. Na kwa wafugaji wetu hili hasi lazima ulieleze polepole, manake mwenye punda dume neno analolijua yeye ni kuhasi, ukimwambia utamfunza mnyama wake kwa njia ya hasi atauliza kisu kiko wapi na atakuwa hana makosa.

Lakini chanya na hasi naweza kuvumilia. Ninaloshindwa ni hongo.

Hongo ni neno lenye historia. Zamani za misafara, watu wakitoka Bagamoyo wakielekea Tabora na Ujiji, kila wakiingia nchi ya mtemi lazima watoe hongo ndio wapite, nguo, shanga, waya wa shaba. Kuhonga ilikuwa ni kulipia njia. Ugogo, upande wa Dodoma ya leo, ndiko kulikosifika zaidi kwa hongo, na Waingereza Richard Burton na John Speke walipopita huko mwaka 1857 walilipa kama wasafiri wengine. Sasa uangalie mpango wake vile ulivyo. Msafara umesimama, wapagazi wamekaa chini na mizigo, mwenye nchi hajafanya lolote bado, na kitu kinatolewa kwanza, kinaonyeshwa, kinabishaniwa, alafu ndio njia inafunguka. Na ukishamlipa huyu, wa mbele ameshasikia kuwa una nguo. Baadaye neno likahama likaingia maofisini, kwa karani ambaye faili haitoki mpaka aone kitu, lakini umbo lake halikubadilika hata kidogo. Hongo hutangulia. Anaepewa hongo ni mtu aliyesimama akakuziba, na unampa kwa sababu amekuziba.

Sasa tuje Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Mwezi wa kwanza wa mafunzo mpwa wangu alikuwa anahonga kweli, hili nalikubali, na mzee angelisema siku zile ningekuwa sina jibu. Kihongwe akifika pale kichochoro kinapobanana na mfereji unakata katikati, anasimama. Masikio nyuma, miguu ya mbele ameikita, huwezi kumsogeza. Kijana anatia mkono mfukoni anatoa tende anamuonyesha, "ndoo, ndoo," yaani njoo, kihongwe ananyoosha shingo, anaruka mfereji, anakula. Tukaona ni ushindi. Baada ya siku kama kumi akawa anasimama mferejini, alafu akaanza kusimama mbele ya duka, alafu kila kona ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambapo hakuna mfereji wala chochote cha kutisha, anasimama tu anageuza kichwa anautazama mfuko. "Mjomba, huyu amekuwa mkaidi." Nikamwambia hajawa mkaidi, amefunzwa. Fuata mambo yalivyofuatana: alisimama, tende ikatoka mfukoni. Kwake yeye kilicholeta tende ni kusimama, kwa hio siku kumi zote kijana alikuwa anamfunza kusimama njiani, na kihongwe akafuzu vizuri sana.

Hio ndio hongo, na ndivyo inavyomalizikia, kila kona mtemi mpya.

Kutuza ni kitu chengine na nyote mnakijua kwa sababu mnakifanya kila harusi. Mwimbaji amefika pale penyewe, sauti imepanda, mama mmoja anainuka anatembea taratibu na noti yake juu watu wote waione, anamtia mkononi au anambandika kwenye kipaji, anarudi kukaa. Hakuna anaetuza kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hakuna anaetuza kesho yake asubuhi. Anatuzwa kwenye ubeti ule ule, na yeye anajua ni ubeti gani uliowainua watu, ndio maana ataurudia mara ya pili na ya tatu, na ukumbi mzima unangojea aurudie. Hapo umeielewa dhana yote ya Skinner na hukufungua kitabu. Wengine wanasema tunzo na kutunza, nami napenda hivyo pia, manake kutunza ni kumuangalia mtu, kumlea, na huwezi kumtuza asiyekuwa machoni mwako.

Kuna na wanaosema tumpe punda thawabu. Wanakaribia. Lakini thawabu tumelitoa kwenye Kiarabu, shina lake ni kurudi, jambo linalokurudia, na sisi tumelizoea kwa yale mja anayoandikiwa leo akalipwa Akhera. Ni malipo ya kusubiri. Kwa kihongwe malipo ya kusubiri hayafai, hata nusu dakika ni mbali, manake katikati ameshafanya mambo matano, amepiga mkia, amenusa ukuta, na lile la mwisho ndilo atakalodhani umelipenda.

Ndio maana tunatumia sauti. Wafunzaji wa pomboo walitumia firimbi, kwa sababu pomboo akiwa juu hewani huwezi kumtia samaki mdomoni, firimbi inamwambia ni hapo hapo, samaki anakuja. Keller na Marian Breland, waliopita mikononi mwa Skinner, walishaanza kufunza wanyama kwa sauti namna hio miaka ya 1940, na watu wa farasi leo wana kidude cha kubonyeza kinacholia tak. Sisi hatuna haja nacho. Kidoko cha ulimi hakifai, manake kwa punda wa hapa kidoko maana yake ni twende. Tumechagua "ewaa". Kwato ikiinuka tu, "ewaa," alafu tende, tena tende robo, kokwa imetolewa, kwenye kiganja kilichonyooka na si kwenye ncha za vidole, asije akazoea kuuma. Robo kwa sababu sukari nyingi haimfai punda, inaweza kumletea maradhi ya kwato. Na haitoki mfukoni kabla ya ewaa. Akiunusa mfuko hapati kitu, anangojewa mpaka ageuze uso, ndio ewaa.

Mfereji tukauanza upya kabisa. Si kuuvuka, kuutazama tu. Hapa watu wajue, farasi akiogopa hukimbia, punda mara nyingi hukita miguu akalitazama lile jambo kwanza, na sisi tunamwita mkaidi na kumbe ana hofu. Kwa hio siku ya kwanza akiinamisha kichwa akaunusa mfereji, ewaa, tukarudi nyumbani. Siku ya pili kwato moja ukingoni, ewaa. Siku ya nne akavuka mwenyewe na kamba imelegea inaning'inia chini ya kidevu kama mkufu, kijana hakuivuta hata kidogo, yuko pembeni yake anatembea sambamba na bega lake, na tende akaipata ng'ambo, baada ya kuvuka.

Na si lazima iwe chakula. Mkune pale shingo inapokutana na mabega, mdomo wa juu unarefuka unaanza kutetemeka, na ukiacha anakusogelea. Kwa farasi wa Camargue kule Ufaransa watafiti waliandika mwaka 1993 kuwa kuwakuna sehemu hio kunashusha mapigo ya moyo. Na mwaka 2010, Ufaransa huko huko, walichapisha habari za farasi wachanga waliofunzwa kusimama tuli kwa neno la mdomo, waliotuzwa chakula wakashika somo haraka kuliko wenzao wasiotuzwa, miezi ikapita bado wanalikumbuka, na walikuwa wanamkaribia mtu wenyewe hata kama ni mgeni kwao. Hilo la kumkaribia mtu ndilo ninalolitaka mimi. Huyu kihongwe ana mwaka na nusu, hatabeba kitu mpaka afike kama miaka minne mifupa ikomae, na baada ya hapo ni mchanga, simiti na mawe maisha yake yote, manake mji huu vichochoro vyake havipitishi gari. Anahitaji kuinuliwa kwato bila kushikwa na watu watatu. Anahitaji daktari wa kliniki ya punda amguse jicho na yeye atulie. Sasa ndio wakati wa kumjengea hio imani, mgongoni hana kitu bado.

Najua kuna atakaeniletea asante ya punda ni mateke. Methali siivunji, lakini inawasema binadamu wasio na fadhila, haikuwekwa iwe kanuni ya kufunza punda.

Basi ami, pamoja na ndugu zangu wa barazani, mkituona tena pale ufuoni nawaomba jambo moja dogo, msiangalie tende, angalieni inatoka saa ngapi. Ikitoka na kihongwe amesimama hajafanya kitu, tukemeeni, semeni twahonga, mtakuwa na haki. Ikitoka baada ya ewaa, hapo twamtuza.