Kikombe kila asubuhi, na dhana nyingine zinazoozesha maua ya ndani

Jirani wa ghorofa ya chini alinigongea mlango Jumamosi moja, shuka jeupe mkononi, michirizi ya udongo imeteremka katikati kama ramani ya mito. "Jirani, pole na kazi," akaniambia kwa ule upole wa Kipwani unaouma kuliko matusi. "Maua yako yamekunywa yakashiba, sasa yananimwagia na mimi."

Kilichonishangaza baada ya kuomba radhi ni kwamba maua yenyewe hayakuwa yameshiba. Nusu yake yalikuwa yanakufa. Nilikuwa namwaga maji kila siku, sakafu inalowa, nguo kwenye kamba ya jirani zinachafuka, na mizizi inaoza. Nikaja kugundua kwamba uchafu wote ule na vifo vyote vile vilitoka kwenye imani zilezile chache, ambazo nilizipokea kwa ndugu na kwa wauza maua bila kuuliza.

"Mpe kikombe kimoja kila asubuhi"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mizizi inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna vinafasi vya hewa, na humo ndimo mizizi inamopata oksijeni. Ukimwagilia, maji yanajaza vinafasi hivyo, kisha yanashuka na kuvuta hewa mpya nyuma yake. Ukirudi kesho na kikombe kingine, na keshokutwa kingine, hewa hairudi. Mizizi inakosa pumzi, inalainika, na vijidudu vya uozo kama Pythium vinaingia. Kwa hiyo maji mengi ya siku moja, yakipata pa kutokea, hayaui mmea. Kinachoua ni maji yanayorudirudi kabla udongo haujapumzika.

Kikombe hicho kina kasoro nyingine iliyo kinyume kabisa: kwenye chungu kikubwa hakifiki chini. Juu panang'aa kwa unyevu, mizizi ya chini imekauka. Mimea miwili inaweza kupewa kikombe kilekile, mmoja ukafa kwa kiu na mwingine kwa kuzama.

Na kwa nini tunapenda kikombe? Tunaogopa kumwaga. Chungu kiko sebuleni juu ya meza ya mbao, hatutaki maji yavuke kisahani, basi tunadondosha kidogo kidogo. Dawa yake ni kukibeba chungu hadi bafuni au kwenye sinki, kukimwagilia hadi maji yatiririke kwenye matundu ya chini, kukiacha kichuje nusu saa, kukifuta kitako kwa kitambaa, ndipo ukirudishe mahali pake. Chungu kizito kisichobebeka kimwagilie kwa birika la chai lenye mdomo mrefu, polepole, ukisimama maji yanapotuama juu na kuendelea yanapozama. Ujazo wa udongo uishie sentimita 2 chini ya ukingo wa chungu. Wanaojaza hadi ukingoni ndio wanaodeki kila wiki.

Lini sasa? Siku haihesabiki kwa kalenda. Dar ya Januari yenye joto la kaskazi si Nairobi ya Julai yenye mawingu na baridi, na chumba chenye kiyoyozi si sawa na kibaraza. Mimi natumia kijiti cha mshikaki: nakichomeka hadi chini, nakiacha kidogo, nakichomoa, kama unavyopima keki. Kikitoka na udongo ulioganda, naondoka zangu. Kwa chungu kidogo inatosha kukinyanyua. Baada ya wiki mbili mkono wako utajua uzito wa kiu.

Ule mmea wa majani manene yanayong'aa, Zamioculcas, ambao wauzaji huuita ZZ, ni mwenyeji wetu wa Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kupitia Tanzania na Zanzibar hadi Afrika Kusini. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji ya kuvukia kiangazi. Kuupa kikombe kila siku ni kumwekea ngamia bomba mdomoni.

"Majani yamelegea, ongeza maji"

Gusa udongo kwanza. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya, kwa hiyo mmea unanyauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Mtu anaona kiu, anamwaga zaidi, na hapo ndipo anapoumalizia.

"Weka kokoto chini ya chungu ili maji yapite"

Hii niliitetea kwa miaka. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, liloweshe, lishike likiwa limelala. Litadondosha maji, kisha litaacha, lakini upande wa chini bado utakuwa chepechepe. Liweke juu ya kokoto: maji hayo hayashuki. Udongo laini unayang'ang'ania maji na hauyaachii kwenye nafasi kubwa za mawe mpaka ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinalipandisha tabaka chepechepe karibu na mizizi, na zinakula nafasi ya udongo.

Sasa lisimamishe sifongo hilohilo wima. Litadondosha tena. Kimo kirefu kinasaidia maji kushuka, ndiyo maana chungu kifupi na kipana hukaa na unyevu kuliko kirefu chenye udongo uleule. Unachohitaji chini ni matundu, na kipande cha chandarua chakavu ili udongo usitoke. Kokoto zipeleke uani.

Chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu usikitoboe kama unaogopa kukipasua. Panda kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, kitumbukize ndani ya kile cha kauri, na siku ya maji ukitoe.

"Maji yametoka chini, basi umeshiba"

Si lazima. Udongo wenye vumbi la makumbi ya nazi au mboji nyingi ukikauka sana hujikunja, ukaachana na ukuta wa chungu, na uso wake ukayakataa maji. Ukimwaga, yanapita pembeni moja kwa moja hadi kwenye kisahani, kisahani kinafurika, zulia linalowa, na katikati ni pakavu kama unga. Shuka la jirani yangu lilichafuliwa hivyo.

Udongo wa namna hiyo unaloweshwa kutoka chini. Tia maji kwenye beseni yafike robo ya kimo cha chungu, kikalishe humo nusu saa hivi, udongo utayavuta wenyewe kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Ukiona uso wa juu umepata unyevu, kitoe kichuje. Hakuna tone linalomwagika. Ila usiifanye njia ya pekee: maji yanayopanda huacha chumvi juu ya udongo, kwa hiyo mara mojamoja mwagilia kutoka juu, maji mengi, zioshwe zitoke.

"Maji ya kwenye kisahani ni akiba ya mmea"

Ni akiba ya mbu. Aedes aegypti, mbu wa dengi, anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vidogo karibu na watu, na kisahani cha maua ni kitanda chake. Kwenye joto letu, yai linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai hugandishwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kuvumilia ukavu kwa miezi yakingoja yaloweshwe. Sugua kisahani kwa brashi kila wiki.

Kuhusu samani: chungu cha udongo wa kuchoma hupitisha unyevu hata kama hakivuji. Ile duara nyeupe kwenye meza ya mninga haikutokana na uzembe wa kumwagilia, chungu kimetoa jasho. Kisahani cha plastiki au cha kauri iliyopakwa rangi ya kioo hukinga. Cha udongo mtupu hakikingi kitu.

"Maji yoyote ni maji"

Kwa mimea mingi ndiyo, lakini maji ya visima vya mitaa mingi ya Dar yana chumvi, na chumvi hiyo utaiona kama utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zilizoungua.

Arusha na vitongoji vya Meru kuna jambo jingine, madini ya floraidi, yaleyale yanayotia meno rangi ya kahawia. Jamii ya mimea iitwayo Dracaena ni nyonge sana mbele yake, na miongoni mwake imo Dracaena fragrans, masale ambayo Wachaga hupeleka kuomba msamaha, na ambayo Ulaya yanauzwa kwenye vyungu kama pambo la ofisi. Ncha zikikauka kahawia huku udongo una unyevu wa kutosha, shuku maji. Kuyachemsha hakusaidii, mvuke unaondoka, floraidi inabaki na kukolea zaidi. Kuyalaza usiku kucha huondoa klorini tu. Kinga maji ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi, ambayo karibu hayana madini.

Na yale ya haraka haraka

Kunyunyizia majani ili "yapate unyevunyevu": hukauka ndani ya dakika chache. Yafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, utakuwa umeyasaidia zaidi. Mabaki ya chai na majani yake juu ya udongo: utafuga vijinzi, na chai ya maziwa itanuka.

Matone kuunguza majani mchana: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös, Budapest, walilipima jambo hili wakakuta kwamba kwenye majani laini jua halichomi kupitia tone; kwenye yenye vinyweleo vinavyoinua tone, linaweza. Lakini Saintpaulia, lile ua dogo la milima ya Usambara ambalo afisa Mjerumani wa Tanga alilipeleka kwao mwaka 1892, hupata madoa hata kivulini, kwa sababu ya maji ya baridi kuliko jani. Usilimwagilie maji ya friji, na liloweshe kutoka chini.

Jirani nilimpa shuka jipya, na baadaye ZZ niliyoiotesha kwa jani, kazi ya miezi kadhaa. Juzi tumekutana kwenye ngazi. "Jirani, lile ua lako limependeza," ameniambia. "Nilipe vikombe vingapi kwa siku?"