Neno "ndogo" nililolifuta usiku wa manane

Nilipoingia kwenye uhusiano wa umma wa kampuni za teknolojia, nilidhani kazi ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari na kuzoeana na wahariri. Hayo mtu huyajua upesi. Kilichonichukua miaka ni kukaa na wahandisi mpaka nielewe walichotengeneza, na hasa kilichoharibika.

Vijana wanaoanza kazi hii huwa nawasimulia kisa cha mwaka 1994 cha Intel, kampuni inayotengeneza chipu za kompyuta. Profesa wa hisabati, Thomas Nicely, aligundua kuwa chipu ya Pentium inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Intel ikajibu kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000, na kwamba atakayebadilishiwa chipu ni yule tu atakayeonyesha kuwa kazi yake inaathirika. Kihesabu walikuwa na hoja. Lakini mteja alitaka kujua kama alichonunua ni kizima, na sasa yeye ndiye anayedaiwa ushahidi wa kosa la mtengenezaji! Desemba 12 IBM ilisimamisha usafirishaji wa kompyuta zake zenye Pentium. Siku nane baadaye Intel ikaomba radhi na kukubali kumbadilishia kila atakayetaka. Hasara: dola milioni 475.

Kisa hicho kilinijia usiku mmoja, huduma ya kampuni niliyoitumikia ilipozimika. Rasimu niliyopewa ilisema "hitilafu ndogo imeathiri baadhi ya watumiaji." Nikamwuliza mhandisi wa zamu ni wangapi wanaoweza kuingia sasa hivi. Akatazama skrini yake, akasema, "Hakuna." Nikafuta "ndogo", nikafuta na "baadhi". Tukaandika kuwa huduma imezimika kwa wote, chanzo bado kinatafutwa, na taarifa nyingine itatoka baada ya nusu saa. Mkurugenzi alisitasita, nikamwomba aisome kama mteja aliyekwama katikati ya malipo. Akairuhusu.

Nusu saa ikatimia, hatuna jipya. Hapo ndipo wengi hunyamaza, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Tuliandika kuwa bado tunatafuta, tukataja saa ya taarifa itakayofuata. Simu za waandishi zikapungua, kwa kuwa kila mmoja alijua arudi lini.

Leo naongoza idara nzima ya mawasiliano, na kila zamu ya usiku ya wahandisi ina afisa wangu mmoja.