Umaskini wa watoto: dhana tunazozirudia na gharama tunayoilipa wote

Kila linapokuja suala la kutenga fedha za kuwasaidia watoto wa familia maskini, swali la kwanza huwa: zitatoka wapi? Kuuliza si kosa. Kosa ni kudhani kwamba tusipotenga chochote hatutalipa chochote. Maneno yanayofuata nimeyasikia mara nyingi, mengine kutoka kwa watu ninaowaheshimu sana.

“Umaskini wa mtoto ni mzigo wa wazazi wake”

Wazazi ndio wanaokesha na mtoto mwenye njaa, hilo halina ubishi. Lakini hasara haikomei mlangoni kwao. Mtoto aliyekosa lishe na matibabu hujifunza kwa taabu, huacha shule mapema, na akifika utu uzima hupata kipato kidogo, hulipa kodi kidogo na huugua mara kwa mara. Hakuna fungu la bajeti linaloitwa “umaskini wa watoto”, ndiyo maana gharama yake hatuioni. Imetawanyika: kiasi kimo kwenye dawa, kiasi kwa mwanafunzi anayerudia darasa, kiasi magerezani. Sehemu kubwa haimo kwenye daftari lolote, maana ni kazi ambayo haikufanyika na kodi ambayo haikukusanywa.

Wapo waliojaribu kuijumlisha. Nchini Marekani, watafiti Michael McLaughlin na Mark Rank walipiga hesabu ya mwaka 2015 wakapata dola trilioni 1.03, sawa na asilimia 5.4 ya pato la taifa hilo. Mwaka 2019 jopo la Akademia za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba lilitaja kati ya dola bilioni 800 na trilioni 1.1 kwa mwaka. Ni makadirio, kwa kuwa kuutenga umaskini na mambo yanayoandamana nao ni kazi ngumu. Hata ukichukua kiwango cha chini kabisa, bado ni fedha nyingi mno kupotea kila mwaka.

“Shule zikiwa bure, kila mtoto ana nafasi sawa”

Dhana hii huniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoishikilia wana nia njema. Elimu bila ada ni jambo kubwa na ninaliunga mkono. Ila mtoto anapokaa dawati la darasa la kwanza, miaka yake muhimu kuliko yote imeshapita. Ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi katika siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba hadi mwaka wa pili, na udumavu wa kipindi hicho haufutwi na daftari na kalamu.

Nchini Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, watoto wa vijiji viwili waligawiwa kinywaji kizito chenye protini, na wa vijiji vingine viwili wakapewa kinywaji chepesi kisicho na protini. Miongo kadhaa baadaye watafiti waliwatafuta wakiwa watu wazima. Wanaume walioanza kupata kile kizito tangu kuzaliwa hadi miaka 2 walikuwa na ujira wa saa uliozidi kwa takriban asilimia 46. Waliokipata baada ya kutimiza miaka 3 hawakuonyesha nyongeza hiyo. Kwa wanawake tofauti hiyo ya ujira haikuonekana, na ni haki kulisema.

Mfano wa Jamaika naupenda zaidi kwa udogo wake. Watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa makundi. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki na mhudumu wa afya ya jamii, kwa muda wa miaka miwili. Mhudumu aliketi na mama na mtoto kwa saa moja hivi, akatoa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono, akamwonyesha mama namna ya kukitaja kitu, kumngoja mtoto ajibu kwa sauti yake, na kumsifu. Basi, ni hayo tu. Miaka 20 baadaye, vijana waliotembelewa walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25.

“Ukiwapa pesa taslimu watazilewea, au wataacha kazi”

David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 mwaka 2014: matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda, na mara nyingi yalishuka. Kuhusu kazi, Abhijit Banerjee na wenzake walichambua programu saba za serikali katika nchi sita, hawakuona dalili ya watu kulegea. Na anayehofia kwamba pesa zitapandisha bei tu, atazame utafiti wa Siaya nchini Kenya, ambako zaidi ya familia 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Bei karibu hazikusogea, na kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo hilo kwa dola 2.5 hivi.

“Nchi ikitajirika, tatizo litakwisha lenyewe”

Marekani ni tajiri, na bado ina watoto maskini. Mwaka 2021 ilipanua ruzuku ya watoto: dola 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6, na 3,000 kwa wenye miaka 6 hadi 17. Hata familia zisizo na kipato, ambazo zamani zilikosa, zikapata. Kwa kipimo cha serikali kinachohesabu pia misaada na kodi, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2. Bunge halikuiongezea muda, na misaada mingine ya wakati wa korona nayo ikakoma. Mwaka 2022 kiwango kikaruka hadi asilimia 12.4. Watoto ni walewale, katika nchi ileile tajiri.

“Tutafute sera moja itakayomaliza kazi”

Haipo. Lile jopo la mwaka 2019 lilipewa kazi ya kutafuta namna ya kupunguza umaskini wa watoto kwa nusu ndani ya miaka 10. Lilipima sera moja moja, na hakuna hata moja iliyofika hapo peke yake. Zilizofika ni zilizochanganywa: ruzuku ya mtoto, nafuu ya kodi kwa wazazi wenye kipato kidogo, msaada wa gharama za malezi ili mzazi aweze kwenda kazini. Gharama ya michanganyiko hiyo ilikadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 90 na 111 kwa mwaka, katika nchi ambayo umaskini huohuo, kwa hesabu ya jopo lilelile, unaila bilioni 800 au zaidi.