Ngeli, nukta na saa mbili usiku: Kiswahili ndani ya programu za wavuti

Nikipewa mradi wa kuingiza Kiswahili kwenye programu ya wavuti, kitu cha kwanza ninachowinda kwenye msimbo ni sentensi za kuunga vipande. Mtayarishaji kaandika "imefutwa" mara moja, kaacha nafasi mbele yake ijazwe jina la kitu chochote. Kwa Kiingereza mtindo huo unapita. Kwetu picha imefutwa, faili limefutwa, ujumbe umefutwa, kikundi kimefutwa. Na vikiwa vingi, picha 3 zimefutwa, mafaili 3 yamefutwa, vikundi 3 vimefutwa.

CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na shirika la Unicode, ambayo vivinjari huitegemea, inakipa Kiswahili hali mbili za idadi: moja, na nyinginezo. Umoja na wingi vinatosheka, ngeli haimo. Muundo wa ujumbe wa ICU, maktaba ya programu za lugha nyingi, una matawi ya kuchagua, na wapo wanaoyatumia kubeba ngeli. Mimi siyapendi, faili la tafsiri linageuka kichaka. Naandika sentensi nzima kwa kila kitu. Mfasiri anachoka zaidi, lakini anaona anachotafsiri.

Halafu kuna eneo. "sw", kifupi cha Kiswahili, peke yake haitoshi; kinahitaji kifupi cha nchi: KE ni Kenya, TZ Tanzania, CD Kongo ya Kinshasa. Kwa sw-KE wiki huanza Jumapili, kwa sw-TZ Jumatatu. Kwa sw-CD nukta hutenganisha maelfu, kwa hiyo 1.500 ni elfu moja na mia tano, namba ambayo mtu wa Mwanza ataisoma moja na nusu. Sarafu usiibashiri kutokana na lugha: huko Kongo bei nyingi zinatajwa kwa dola. Saa za eneo pia zina njia yake: kwa kupima na UTC, saa ya kimataifa, Dar es Salaam ni UTC+3 na Bukavu UTC+2.

Saa ndiyo inayonikosesha usingizi. Ukiomba muda wa saa 12 wenye vipindi vya siku, kompyuta inalijua neno "usiku" ila namba inaiacha ya Kizungu, na 20:00 inatoka kama 8:00 usiku. Msomaji wetu anaelewa saa nane za usiku, yaani 02:00. Hapo abiria ameshaachwa na basi. Hakuna mpangilio wa kuwasha utakaorekebisha hilo. Inabidi uandike kikokotoo chako cha kurudisha saa 6 nyuma. Kwenye tiketi naweka zote mbili: "20:00, saa 2 usiku".