Utafiti haukusema vitabu havisaidii

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi, mzee mmoja anayeheshimika hapa mtaani alisimama kupinga mchango wa vitabu vya sayansi. "Utafiti umeshathibitisha kwamba vitabu havipandishi ufaulu," alisema. "Walijaribu Kenya, wakashindwa." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwaka huu ni mara ya nne nasikia maneno hayo. Mara moja yalitoka kwa mwanachuo mwenzangu wa uzamili, ambaye alipaswa kuwa ameusoma utafiti wenyewe. Nimechoka kunyamaza.

Utafiti upo, na ni mzuri. Ni wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, uliofanyika Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Zilikuwa shule za msingi 100. Mwaka 1996, shule 25 zilizopatikana kwa bahati nasibu zikapewa vitabu vya kiada, nyingine zikabaki kundi linganishi. Wastani wa alama haukupanda. Wengi wakifika hapo hufunga kurasa na kwenda kuhutubia.

Endelea kusoma. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu kabla vitabu havijaletwa walipanda. Waliokuwa nyuma ndio walibaki palepale, na kwa kuwa ni wengi, wastani ukaficha yaliyowapata wenzao. Kusema "vitabu havisaidii" ni jambo moja, kusema "vitabu hivi viliwasaidia walioweza kuvisoma" ni jambo jingine kabisa, na maamuzi ya fedha yanayofuata hayafanani hata kidogo. Vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili.

Sasa tazama kinachotokea mtu akilivusha tokeo hilo mpaka wa Namanga, kuja huku kwetu Tanzania. Shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo kwa darasa la tano la Singida utafiti wa Busia una machache ya kusema. Kidato cha kwanza ni habari nyingine, maana hapo sayansi na hisabati hugeuka Kiingereza ghafla, na mtoto anakutana na kitabu kilekile alichokutana nacho mwenzake wa Busia. Mzee wetu alikuwa anazungumzia sekondari. Angekuwa na hoja, kama angeusoma utafiti wenyewe.

Nimefundisha fizikia miaka tisa. Nilijaza ualimu kwa sababu ya mkopo, na nilipanga kuondoka baada ya miaka miwili. Kilichonibakiza ni kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliyekariri maana ya mvukizo kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kukosea. Nikamuuliza inamaanisha nini, akainamisha kichwa. Nikamuuliza kwa Kiswahili: nguo zikikauka kambani, maji yanakwenda wapi? Akainuka. "Yanapanda hewani, mwalimu. Ndiyo maana mama huanika penye upepo." Upepo sikuwa nimeufundisha bado.

Kijana huyo ndiye anayenifanya niipende mno hoja ya lugha, na ndiyo maana inanibidi niiogope. Katika utafiti wa Busia hakukuwa na kundi lililopewa vitabu vya lugha ya nyumbani. Kilichopimwa ni vitabu. Lugha ni maelezo ya watafiti kuhusu matokeo yao, tena yana mantiki, lakini hayakupimwa. Huenda wale wa nyuma walikwama kwa sababu mtaala uliwatangulia tangu madarasa ya chini, na wangekwama hata kama vitabu vingeandikwa kwa Kiluhya. Kwa data ile siwezi kutenganisha sababu hizo mbili, na sijaona mwingine aliyezitenganisha kwa data ileile.

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na jibu kabla ya swali. Msimamizi wangu alilirudisha na mstari mmoja pembeni: "Ni matokeo gani yangekubadilisha mawazo?" Siku tatu nilikosa la kuandika. Swali hilo limenifunza kazi hii kuliko muhula mzima wa takwimu.

Wanaotaka mfano wa nyumbani wasome utafiti wa KiuFunza wa mwaka 2013 na 2014, uliofanyika katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania. Ruzuku kwa shule peke yake haikupandisha alama. Ruzuku ilipokwenda pamoja na malipo kwa walimu kulingana na wanafunzi waliofaulu, alama zilipanda. Hata hapo, asitokee wa kuniambia "utafiti umethibitisha fedha hazisaidii".

Baada ya kikao nilimfuata mzee nikiwa na nakala yangu. "Shikamoo, mzee. Naomba dakika kumi." Alivaa miwani, akalisoma jedwali taratibu huku kidole kikipita mstari kwa mstari, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, tununue au tusinunue?"

Nikamwambia kwa shule yetu sijui. Tumekubaliana Jumatatu tuwaite wanafunzi ishirini wa kidato cha kwanza, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja asome ukurasa wa kwanza wa kitabu cha fizikia, halafu atueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Mzee amesema atakuja kusikiliza mwenyewe.