Glaida yenye injini: maana yake, na swali la rafadha lililomshughulisha Wolf Hirth

Glaida ni ndege isiyo na injini, yenye mbawa ndefu na nyembamba, ambayo hukaa angani kwa kushuka polepole ndani ya hewa ambayo yenyewe inapanda. Aliyewahi kumtazama mwewe akizunguka juu ya uwanja saa saba mchana, hapigi bawa wala hashuki, ameiona kanuni yake yote. Wajerumani huiita Segelflugzeug, yaani ndege ya tanga, na ile iliyoongezewa mota huiita Motorsegler. Mtu wa pwani hapati taabu kulielewa jina hilo, kwa kuwa jahazi lililofungwa mashine haliachi kuwa jahazi: mashine ni ya kutokea bandarini na ya siku ya shwari, lakini safari ni ya tanga.

Glaida yenye injini, basi, ni ndege inayoweza kupaa kwa nguvu zake yenyewe, au walau kujiokoa isitue shambani hewa inapoacha kupanda, na ambayo injini ikizimwa inaendelea kuruka kama glaida halisi. Sharti hili la pili ndilo gumu. Kufunga injini kwenye glaida ni kazi ambayo fundi yeyote hodari wa miaka ya 1920 angeiweza. Kuifanya injini hiyo isiwe mzigo wala kizuizi baada ya kuzimwa ni jambo jingine kabisa.

Haja yenyewe ilitokana na namna glaida zilivyokuwa zikirushwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza, pamoja na masharti yaliyokuja baadaye, uliibana Ujerumani katika ndege za injini, na vijana wenye hamu ya kuruka wakageukia glaida. Mwaka 1920 mashindano ya kwanza yalifanyika Wasserkuppe, mlima wa mita 950 katika eneo la Rhön. Kamba ya mpira ilitundikwa kwenye pua ya glaida, makundi mawili ya watu yakashika ncha zake na kuteremka nayo, huku wengine wakiushika mkia, na amri zilikuwa tatu: Ausziehen, vuteni, Laufen, kimbieni, Los, achieni. Rubani mmoja alihitaji kikosi kizima ili aruke, na akitua bondeni kikosi hichohicho kilikuwa na kazi ya kuipandisha glaida mlimani. Winchi na ndege za kuvuta zilipunguza jasho, lakini utegemezi haukuisha.

Injini iliyohitajika haikuwa kubwa. Tuchukue glaida ya kilo 400, pamoja na rubani wake, inayoshuka sentimita 80 kwa sekunde katika hewa iliyotulia. Kuizuia tu isishuke kunahitaji kilowati 3 na kidogo, yaani nguvu za farasi nne hivi. Ukiipa injini ya nguvu za farasi 25, na tukikubali kwamba nusu inapotelea kwenye rafadha, ile ambayo wengi wetu huiita panga boi, kinachobaki kinatosha kuipandisha mita moja na nusu kila sekunde. Baada ya dakika tatu na robo hivi iko mita 300 juu ya uwanja, na rubani anaweza kuanza kutafuta hewa inayopanda. Kwa ndege ya kawaida kasi hiyo ya kupanda ni ya aibu. Kwa glaida inatosha.

Taabu ilikuwa kwenye rafadha hiyo. Kwanza, ndege inayokwenda polepole huhitaji rafadha pana, na glaida hulala karibu kabisa na ardhi juu ya gurudumu moja, kwa hiyo rafadha ya namna hiyo ikiwekwa puani itakwangua majani. Pili, rafadha iliyosimama mbele ya upepo hukinza hewa, na ile inayozungushwa na upepo wakati injini imezimwa inaweza kukinza zaidi. Glaida bora za miaka ya 1930, kama Minimoa ya Wolf Hirth mwenyewe, rubani na mbunifu wa Kijerumani, zilisafiri mita zipatazo 26 kwenda mbele kwa kila mita moja ziliyoshuka, na ukinzani mdogo tu ulitosha kuila sehemu kubwa ya sifa hiyo.

Uingereza ilijaribu jibu moja mwaka 1935: Carden-Baynes Auxiliary ilikuwa na injini ndogo ya pikipiki, Villiers ya sentimita za ujazo 249, iliyoinuliwa nje pamoja na rafadha yake na kufichwa tena mgongoni baada ya kazi. Hirth, rubani aliyepoteza mguu wa kushoto katika ajali ya pikipiki mwaka 1924 na bado akawa miongoni mwa walimu wakubwa wa glaida wa Ujerumani, aliligawa tatizo kwa namna nyingine. Katika ndege yake ya majaribio, Hi 20, iliyopewa jina la MoSe kutokana na neno Motorsegler, injini ilibaki ndani ya kiwiliwili, na kilichotoka nje kilikuwa rafadha peke yake, juu ya mkono uliokunjuliwa wakati wa kupaa na kukunjwa ukishamaliza kazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo akili ya mchoro huo: kitu kizito hakisogei, kwa hiyo uwiano wa ndege hauvurugiki sana, na kinachopaswa kufichwa ni kile tu kinachokinza hewa. Gharama yake ni kwamba nguvu ya injini lazima isafirishwe kutoka tumboni mwa ndege hadi ncha ya mkono unaokunjika, bila kutetemeka wala kukwama.

Mkono wa namna hiyo una tabia ambayo marubani wa leo wanaijua vizuri. Rafadha ikiwa juu ya kiwiliwili huvuta kutokea juu, kwa hiyo ukiongeza moto pua inainama, kinyume cha ndege nyingi, na rubani hulazimika kurudisha mtaimbo wa kuongozea ndege nyuma kidogo. Hatari zaidi ni injini iliyopoa kukataa kuwaka. Hapo glaida ina mkono uliosimama kwenye upepo na inashuka haraka kuliko kabla rubani hajaukunjua, ndiyo maana hufundishwa kuchagua shamba la kutua kwanza, kisha ndipo atoe rafadha.

MoSe iliruka mwanzoni mwa miaka ya 1940, vita vikiwa vimepamba moto, na haikuvuka hatua ya majaribio. Baada ya vita Ujerumani Magharibi haikuruhusiwa kurusha glaida hadi mwaka 1951, na fikra iliporudi ilipitia njia rahisi zaidi: Falke ya Egon Scheibe, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1963, iliweka injini puani kama ndege nyingine yoyote na kukubali hasara ya ukinzani, ikawa ndege ya vilabu na ya mafunzo. Hasara hiyo wengine hawakuikubali. Stemme S10 ya mwaka 1986 ilificha rafadha inayokunjika ndani ya pua, huku injini ikiwa nyuma ya marubani na mhimili mrefu ukipita kati yao. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Alexander Schleicher ilitoa ASH 26 E, yenye mbawa za mita 18: injini ya Wankel, ile yenye rota inayozunguka badala ya pistoni, imetulia ndani ya kiwiliwili, mkanda unapeleka nguvu juu, na kinachochomoza mgongoni ni mkono mwembamba wenye rafadha peke yake. Kiwanda chake kiko Poppenhausen, chini ya Wasserkuppe.