Kupiga picha nyota kambini: anga la London si anga la Magadi

Video nyingi za kufundisha upigaji picha wa nyota hutengenezwa Ulaya na Marekani. Watu wale hawana kosa, wanaeleza anga lao. Shida ni sisi wa Nairobi tunaozibeba nzima nzima hadi kambini, kisha tunashangaa mbona mambo hayaendi. Haya hapa maneno tunayoyasikia mara kwa mara, na majibu yangu.

"Kwanza tafuta Nyota ya Kaskazini." Hapa utaitafuta hadi kukuche. Kimo cha nyota hiyo angani hukaribiana na latitudo ya mtazamaji: London ni kama nyuzi 51. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kwetu imezama chini ya upeo wa macho. Ndiyo maana ile picha ya nyota zikizunguka duara kamili juu ya hema huipati huku. Kitovu cha mzunguko, uelekee kaskazini au kusini, kimelala kwenye upeo. Unachopata ni nusu duara. Elekeza kamera mashariki na utaona nyota zikichomoza wima, jambo ambalo wenye video hizo hawalipati kwao.

Tena tuna bahati ambayo hatuitumii. Kitovu cha Njia ya Maziwa, yaani sehemu inayong'aa zaidi ya ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, hapa kwetu hupanda hadi nyuzi 60 hivi, upande wa kusini. London hakifiki hata nyuzi 10.

"Ukishatoka mjini, giza lipo." Wapi! Rongai na Kiserian zinawaka, na ukiwa Ngong jiji zima liko mgongoni mwako. Endelea kushuka Barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, yapata kilomita 70 kutoka Nairobi. Pale mwanga wa jiji hubaki kaskazini-mashariki, nawe unapiga kusini. Jua likishatua, subiri kama saa moja na dakika kumi ndipo giza likamilike.

"Julai ni mawingu, ahirisha hadi Desemba." Mawingu ya Julai ni ya Nairobi na nyanda za juu. Chini kule bondeni ni pakavu, na mara nyingi anga huwa wazi wakati huku tumevaa masweta. Ukingoja Desemba, kitovu cha Njia ya Maziwa kitakuwa kimejificha upande wa jua. Mwanzoni mwa Agosti hufika juu kabisa kati ya saa tatu na saa nne usiku, kabla hata moto wa kambi haujafifia.

"Shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ikikaa wazi zaidi, nyota zitang'aa zaidi." Zitachora mistari. Wengi hufuata kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) upate sekunde za kuacha shata wazi, hivyo lenzi ya milimita 20 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame) inapewa sekunde 25. Mimi naiona kanuni hiyo ni ya ukarimu mno kwetu. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia, ndizo zinazokimbia kuliko zote kwenye picha, na hapa hizo ndizo zinazopita utosini. Anza na sekunde 12 au 15, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa. Kisha vuta picha kwenye kioo uangalie nyota za pembeni. Nyota ikiwa punje ya mchele badala ya nukta, punguza sekunde.

Mwezi mpevu unafaa kwa nyama choma. Kwa Njia ya Maziwa, nenda mwezi ukiwa mwandamo, au ngoja siku nne hivi baada ya kupevuka: huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila usiku, na saa za mwanzo zinabaki zako.

"Simu haiwezi." Nyingi za siku hizi zinaweza, mradi ziwe kwenye stendi na utumie taima ili kidole chako kisiitikise.

"Rangi za picha za Njia ya Maziwa ni za uongo." Jicho gizani halitofautishi rangi vizuri, ilhali kamera hukusanya mwanga kwa sekunde nyingi. Rangi zipo kweli. Ila ile zambarau kali ya Instagram, hiyo muulize aliyeihariri.

Na usiiamini alama ya umbali usio na mwisho kwenye lenzi. Mara nyingi imepitiliza kidogo. Chagua nyota inayong'aa, ikuze kwenye kioo, zungusha pete ya fokasi polepole hadi iwe ndogo kabisa, kisha bandika selotepu pete isisogee.